Sifa Hutuzuzua

Nakaa Zuzu, kando ya mji wa Dodoma, na kila mwaka wanafunzi wapya wakipata habari hiyo hucheka chini chini. Jina la mahali ni la kale na lina asili yake. Lakini katika Kiswahili zuzu ni mtu aliyeduwaa, asiyejua pa kuelekea, na kuzuzua ni kumpumbaza mtu hata akapotewa na busara. Mwalimu wa lugha akikaa Zuzu hana budi kustahimili utani. Nimeustahimili kwa miaka mingi. Leo nataka kuulipa, maana nimemtafuta zuzu wa kweli nami nimemwona: ni sisi wasikilizaji wa nyimbo, na katika sisi wa kwanza ni wanavyuoni.

Nasema kwamba sifa ya mwimbaji hutuzuzua hata tusitambue tena lipi katika maisha yake ni la faragha na lipi ni la watu wote. Mlango uliofungwa kwa haki twauchungulia. Mlango ambao nyuma yake mtu analia twaupita tukiimba. Wahenga walisema kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumeitumia methali hiyo kumkaripia mgema peke yake. Hatujamwuliza mnywaji alikuwa na akili gani alipokuwa akisifu, wala kama aliuona ulimi wake ukizidi kuwa mzito kwa kila kata.

Haikupita muda mrefu tangu mwanafunzi mmoja aniletee rasimu ya tasnifu juu ya mwimbaji mashuhuri, ambaye jina lake silitaji. Sura ya maisha yake ilikuwa na kurasa 40. Ndani yake niliwakuta wapenzi wake wote, wamepangwa kwa miaka kama wafalme katika kitabu cha historia. Nikakuta ugomvi, magari, mavazi na safari. Nilimwuliza mwanafunzi yule: mwimbaji huyu alilipwa nini kwa wimbo wake uliopendwa kuliko zote? Hakujua. Maneno ya wimbo aliyatunga nani? Hakujua. Mkataba wake ulikuwa wa miaka mingapi, na aliutia sahihi akiwa na umri gani? Alinitazama kana kwamba nimemwuliza mambo ya kilimo. Sikumlaumu. Alikuwa akifuata njia ambayo sisi walimu wake tuliikanyaga kwanza.

Tazameni mwaka 2013, ambao katika muda usiotimia miezi 2 uliwachukua watu 3 wa muziki wetu. Tarehe 17 Aprili alifariki Bi Kidude, Fatuma binti Baraka wa Unguja. Tarehe 28 Mei alifariki Albert Mangwea nchini Afrika Kusini. Tarehe 13 Juni alifariki Langa Kileo mjini Dar es Salaam. Kila mmoja alikuwa na maarifa yake na uchungu wake, na katika kila msiba tulidhihirisha ujinga wetu kwa namna yake.

Bi Kidude alikuwa mwalimu wa unyago na mpigaji wa ngoma. Alibeba elimu ya wanawake ambayo haikuandikwa, na mwaka 2005 alituzwa na WOMEX mbele ya ulimwengu. Sisi tulisema nini juu yake? Tulisema sigara zake. Tulibishana umri wake. Mwanamke aliyekuwa chuo kizima tulimfanya kioja cha kupigwa picha, na elimu aliyokuwa nayo tukaiacha ishuke naye kaburini bila ya kuwapeleka vijana wa kutosha wakaketi miguuni pake.

Mangwea ananihusu kwa ujirani, kwa kuwa kundi lake la Chamber Squad lilikuwa na mizizi hapa Dodoma, na mwenzake katika kundi hilo, Mez B, alifia Dodoma Februari 2015. Mangwea alikuwa fundi wa kweli wa vina. Alichukua lugha ya vijana wa mitaani, iliyodharauliwa na walimu kama mimi, akaipa mizani na mzaha. Alipofariki ugenini, kabla mwili wake haujarejeshwa nchini, vinywa vilikuwa vimekwisha kutoa hukumu juu ya sababu ya kifo, juu ya aliokuwa nao, juu ya chumba alicholala. Wasiojua hata mji aliofia waliijua dawa iliyomwua. Kisha umati ukamlilia, akazikwa Morogoro, na mambo yakaishia hapo. Swali lililotuhusu halikuulizwa: imekuwaje nyimbo zipigwe katika kila gari la abiria, kila harusi na kila redio, na watungaji wake waishi kwa kuhangaikia mkate wa kesho? Zama zile za kanda ilikuwa ada mtungaji kumwuzia msambazaji kazi yake kwa fungu moja la fedha, kisha akakaa kando akitazama wengine wakivuna shamba alilolilima. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1999. Iliandikwa vizuri, ikahifadhiwa vizuri. Huo ndio upande wa maisha yake uliokuwa haki yetu kuuchunguza, na ndio tuliouacha gizani.

Langa alitupa somo la namna nyingine. Alisimama mwenyewe, akiwa hai na mwenye akili timamu, akasimulia jinsi dawa za kulevya zilivyomkamata na jinsi alivyopambana nazo, akawaonya vijana. Kwa kufanya hivyo alitufundisha tofauti ambayo kila mwandishi wa wasifu yapasa aishike. Siri aliyoitoa mwenyewe ni wasia. Siri aliyoibiwa ni mali ya wizi, na anayeinunua ni mshirika wa mwizi.

Tusidhani kuwa uzuzu huu ni wetu peke yetu. Michael Jackson alizuru Afrika mwaka 1992 na kufika Dar es Salaam, na katika habari za safari ile mkono wake kugusa pua ulizungumzwa kuliko watoto wagonjwa aliokwenda kuwaona. Kwa miaka mingi dunia ilimcheka kwamba amejichubua kwa kuuchukia weusi wake. Alipofariki tarehe 25 Juni 2009, uchunguzi wa madaktari ulithibitisha kuwa alikuwa na maradhi ya ngozi yanayoondoa rangi. Wakati watu walipokuwa wakihesabu rangi za uso wake, mtu huyu alikuwa akijitayarisha kwa maonyesho 50 mjini London, hapati usingizi, na daktari wake akimlaza kwa dawa ya chumba cha upasuaji. Mwaka 2011 daktari huyo alitiwa hatiani kwa kifo chake. Lakini mashtaka kwamba alimdhuru mtoto, ambayo baraza la mahakama huko California lilimwachia huru mwaka 2005, yalikuwa jambo la jinsi nyingine kabisa. Hayo yalistahili kuulizwa hadharani. Ngozi yake haikumwumiza mtu. Dai la mtoto ni dai la mtu mwingine. Asiyeona tofauti ya mambo hayo mawili amezuzuka.

Wako watakaonijibu kuwa mwanachuoni hawezi kuisoma kazi bila ya kuyajua maisha. Hoja hiyo ina ukweli, na siikatai. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika ufukara, akauza vyungu, akaingia mjini Unguja mwaka 1911 bila ya nasaba wala mali. Asiyeyajua hayo hataelewa kwa nini sauti yake ilikuwa sauti ya wanyonge, wala kwa nini santuri zake, zilizoanza kurekodiwa Bombay mwaka 1928, zilikuwa jambo kubwa kwa watu waliokuwa hawajapata kusikia lugha yao ikitoka katika mashine. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake aliyaingiza maisha kwa kuwa maisha hayo yaliifungua kazi. Mahasidi wa Siti nao waliyataja maisha yake: walimwimba sura yake na asili yake. Wote wawili walisema juu ya mtu yule yule. Mmoja alikuwa akiandika, wengine walikuwa wakitafuna.

Na Siti mwenyewe alitupa mizani ya kupimia. Katika nyimbo zake umo ule wa Kijiti, uliotokana na tukio la kweli: mwanamke mgeni aliyekuja Unguja, akapelekwa ngomani, akatendewa uovu na kuuawa, mwuaji akakimbilia bara, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Mambo ya usiku, ya pombe na ya wanaume na wanawake, ambayo wengi wangetaka yafunikwe kwa jina la faragha, Siti aliyatoa barazani akayaimba mbele ya wakubwa. Kwa nini mwanamke aliyejua vizuri uchungu wa kusengenywa alifanya hivyo? Kwa sababu palikuwa na mtu aliyeumizwa. Hiyo ndiyo mizani. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake; lakini ukisikia kilio ndani ya nyumba hiyo, kutokulala humo si udhuru wa kupita.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu yangu ni nzito, na wengi wa wasomaji wangu hawatapendezwa. Tarehe 9 Desemba 2017, katika uwanja wa Jamhuri hapa Dodoma, siku ya kuadhimisha Uhuru, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa, na ndani yake yalikuwamo majina ya Nguza Viking, aitwaye Babu Seya, na mwanawe Papii Kocha. Wanamuziki hao walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya kubaka na kulawiti watoto wa shule ya msingi wenye umri wa kati ya miaka 6 na 8. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani iliwaachia wana wengine wawili wa Nguza na kuithibitisha hukumu ya hawa. Wao wenyewe hawakuacha kukana. Na tarehe 23 Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliona kwamba katika kesi yao baadhi ya haki za washtakiwa zilivunjwa.

Siirudii kesi, mimi si hakimu. Wala sina neno na msamaha wenyewe, kwa kuwa Katiba yampa Rais uwezo huo. Shauri langu ni shangwe yetu. Uwanja ulilipuka kwa vifijo, na mitaa ikafuata. Nawaomba wasomaji tuipime shangwe hiyo kwa akili baridi. Ikiwa watu hawa hawakutenda, basi miaka 13 ya uhai wao ilichukuliwa bure, na lililotupasa ni hasira na kudai kesi ifunguliwe upya, wala si vigelegele kwa kusamehewa kosa ambalo hawakulitenda. Ikiwa walitenda, lililotupasa ni kunyamaza kwa heshima ya watoto, hata kama twakubali rehema. Katika pande zote mbili shangwe haikuwa na mahali pa kusimama. Ilisimama juu ya nyimbo tu. Tulilipenda gitaa, na gitaa likatujibia swali ambalo halikuulizwa. Wako wafungwa wengine waliosamehewa siku ile. Ni nani kati yetu aliyewashangilia hao kwa majina?

Kwa hiyo nawaambia wenzangu wa vyuo, na wanafunzi wanaojitayarisha kuandika, kwamba kila habari ya maisha ya msanii yapasa ijibu mojawapo ya maswali 3 kabla ya kupewa mstari katika ukurasa. Je, inaifungua kazi yake? Je, aliitoa mwenyewe kwa hiari? Je, yuko mtu aliyeumizwa au kudhulumiwa, awe msanii mwenyewe au mwingine kwa mkono wake? Isiyojibu hata moja ni umbea, na kuipa tanbihi hakuifanyi kuwa elimu. Yenye kujibu la tatu haifichiki kwa utamu wa sauti yoyote, hata ikiwa sauti hiyo ndiyo tuliyoolea wake zetu.

Jioni ile ya mwaka 2017 nilirudi Zuzu. Vijana walikuwa wamekusanyika penye redio, na nyimbo za wale wawili zilikuwa zikipigwa kwa kurudiwa. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa ameketi kizingitini akipepeta uwele. Aliniamkua kwa heshima anayompa mtu wa kitabu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, na wale watoto wako wapi siku hizi?"

Sikuwa na jibu. Nina shahada ya uzamivu, na sikuwa na jibu. Majina yao hayatajwi, na ni haki yasitajwe; leo ni watu wazima, na yumkini siku ile walizisikia redio zile zile na vifijo vile vile. Vijana waliinua sauti ya redio, bibi akaendelea kupepeta, nami nikasimama katikati yao nimeduwaa, mwenyeji kamili wa mahali ninapokaa.