Fanya Mazoezi, Lakini Wapi?

Mgonjwa wangu mmoja, mhasibu aliyekaribia kustaafu, mwenye shinikizo la juu la damu na kisukari cha aina ya pili, alinisikiliza kwa adabu nilipomhimiza kwa mara ya tatu afanye mazoezi. Nilipomaliza akauliza: "Wapi, daktari?" Anaishi Gongo la Mboto, jijini Dar es Salaam. Huondoka nyumbani alfajiri, hurudi usiku, na barabara ya mtaani kwake haina sehemu ya waenda kwa miguu. Sikuwa na jibu. Dawa zake nilikuwa nimeziandika kwa jina, kipimo na saa za kumeza. Mazoezi nilikuwa nimeyaacha yawe neno tupu.

Swali lile lilinichoma kwa sababu jibu nilikuwa nalo, ila nililiona kuwa ni starehe yangu binafsi. Kwa miaka kadhaa sasa, Jumamosi asubuhi huendesha baiskeli katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe. Kutoka kwa mgonjwa yule hadi huko ni safari fupi ya daladala. Hajawahi kufika, wala mimi sikuwahi kumwambia.

Baiskeli inayofaa njia zile wengine huiita baiskeli ya changarawe. Usukani wake umepinda kama wa baiskeli za mashindano, matairi yake yana upana wa takriban milimita 35 hadi 50, na gia zake ni nyepesi za kupandia vilima. Ni chombo kizuri, lakini si sharti la kuingia msituni. Baiskeli ya mtumba yenye tairi pana, breki zinazoshika na kiti kilichowekwa kwa kimo cha mpandaji inatosha. Wakazi wa vilima vile wamepita njia hizohizo kwa baiskeli za kawaida, zenye mizigo, tangu kabla yetu sisi wa Jumamosi. Anayedhani baiskeli ni alama ya umaskini, na anayedhani ni anasa ya wenye nacho, wote wawili wanajinyima tiba.

Nasema tiba kwa makusudi. Kwa mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya kudumu ya aina hii huweza kushusha kipimo cha juu kwa wastani wa milimita 5 hadi 8 za zebaki. Kwa mwenye kisukari, msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata insulini inapokuwa haifanyi kazi ipasavyo. Na kwa mwenye magoti yanayouma, kiti cha baiskeli hubeba sehemu kubwa ya uzito ambao angeubeba mwenyewe kama angekimbia. Msitu huongeza kivuli, na huondoa hatari kubwa ya barabarani, yaani magari.

Kama ni tiba, basi iwe na dozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi cha wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Kiasi cha wastani hupimwa kwa pumzi: mpandaji aweze kuzungumza lakini ashindwe kuimba. Anayeanza aanze na dakika 20 katika njia tambarare, aongeze kidogo kidogo, na kwenye kilima kikali ashuke asukume bila aibu. Msitu wa Jumamosi peke yake hautoshi. Faida ya mazoezi kwa sukari ya damu hufifia ndani ya siku moja hadi tatu, hivyo mwenye kisukari asipitishe siku mbili mfululizo bila kufanya chochote. Siku za kazi atembee, hata kama ni kushuka kituo kimoja kabla ya chake.

Kila tiba ina madhara yake, na hapa wahudumu wa afya tusinyamaze. Anayetumia insulini au glibenklamidi apime sukari kabla ya kuondoka. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kitu cha wanga kwanza, na mfukoni awe na glukosi. Mwenye ganzi ya miguu avae viatu vilivyofunika vidole, na akirudi akague nyayo, kwa maana mwiba asiousikia unaweza kuwa mwanzo wa kidonda. Ganzi ya vidole vya mkono au ya sehemu za siri baada ya safari ni ishara ya neva kubanwa: kiti au usukani urekebishwe. Mwenye shinikizo lililofikia 180 kwa 110 atibiwe kwanza. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukatika si mambo ya kuvumilia. Ashuke na atafute msaada.

Kofia ngumu ni lazima. Kwenye mteremko wa changarawe tairi hukosa mshiko ghafla, na mwendo ndio unaoua. Mwezi Agosti 2022 Afrika Mashariki ilimpoteza Sule Kangangi, mwendesha baiskeli wa Kenya, kwa ajali katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani. Alikuwa bingwa wa kazi yake. Sisi wa mazoezi tuna sababu zaidi ya kushuka polepole, tukiwa wawili au zaidi, baada ya kujiandikisha getini.

Lakini dozi hii yote ni bure ikiwa njia yenyewe itatoweka. Misitu ya Pugu imeliwa kwa miaka mingi na uchomaji mkaa, ukataji miti na upanuzi wa makazi. Mkaa ule hupikia jikoni mwetu mjini, kwa hiyo lawama si ya mchomaji peke yake. Mto Msimbazi unaanzia katika vilima vile. Kinachoharibiwa juu hutufikia chini kama mafuriko. Tumezoea kuona msitu kuwa jambo la maofisa misitu na kliniki kuwa jambo letu. Mimi naona kwamba daktari anayeandika dawa za shinikizo kila siku ana haki, na pia wajibu, wa kusema hadharani kwamba hifadhi iliyo kando ya jiji ni sehemu ya huduma ya afya.

Mgonjwa wangu aliporudi nilimwandikia kwenye karatasi: mahali, siku, dakika, na mambo manne ya kujihadhari. Aliisoma mara mbili. "Hii sasa nimeielewa, daktari," akasema. Hadi leo amekwenda mara mbili, kwa baiskeli ya mpwa wake, na mara ya pili alisukuma zaidi ya alivyopanda. Shinikizo lake bado halijashuka vya kutosha, na dawa anaendelea nazo. Lakini safari hii aliuliza jambo jingine: ni lini aongeze dakika.

Wenzangu, mgonjwa anayefuata tukimwambia afanye mazoezi, tumwandikie na mahali.