Zimwi la Plastiki na Kijana wa Lagos

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuona safu hii, ambayo aghalabu husomwa na walimu na wanafunzi, leo ikimhakiki mwanasesere. Tena si mwanasesere wa kubembelezwa, bali zimwi jeusi la plastiki lenye meno ndani ya meno. Naomba wanivumilie. Kitu cha kuchezea nacho kimechongwa na mtu, na kilichochongwa chaweza kuhakikiwa.

Mwanasesere huyo alitolewa mwaka 1979 na kampuni ya Kenner ya Cincinnati, Marekani, kufuatia filamu ya Alien iliyoongozwa na Ridley Scott. Kenner ilikuwa imekwisha kuchuma mali kwa wanasesere wa Star Wars, nayo, nadhani, ikaamini kuwa lolote litokalo angani litauzika vivyo hivyo. Wale wa Star Wars, wengi wao hawakuzidi inchi 4. Huyu alikuwa wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46. Mikono yake hukaza kwa springi, na ukimbonyeza kisogoni taya hufunguka na jingine dogo huchomoza kutoka ndani. Juu ya fuvu pana kuba la plastiki angavu.

Ajabu ni kwamba huko Marekani, mtoto wa chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuitazama filamu hiyo pasipo mzazi au mlezi. Akauziwa basi sanamu ya jinamizi ambalo mlango wa sinema ulimzuia kuliona peke yake! Wazazi walilalamika, na zimwi likaondolewa madukani. Leo watu wazima wenye mapenzi ya kukusanya vitu vya kale humsaka kwa udi na uvumba na kulipa mamia ya dola, hasa kama sanduku lingalipo na lile kuba halijapotea.

Kama kazi ya uchongaji, mimi nampa alama za juu. Watengenezaji wa vitu vya watoto huwa na tabia ya kulainisha. Simba hugeuka paka. Kenner hawakufanya hivyo. Umbo lililobuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, mtu aliyechanganya mifupa na mabomba hata usijue mwili unaishia wapi na mtambo unaanzia wapi, limehifadhiwa kwa uaminifu: mbavu, mkia wa pingilipingili, kichwa kirefu kisicho na macho. Kasoro ni kwamba zimwi la filamu hutisha kwa kuwa halionekani sawasawa; hujificha gizani, hujikunjua polepole. La plastiki limesimama wima mchana kweupe, na utisho wake nusu umekwisha kuyeyuka.

Lakini viungo vile virefu ni vya nani? Giger ndiye aliyebuni ngozi. Mwili ulikuwa wa Bolaji Badejo, kijana aliyezaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1953, ambaye alikuwa akisomea sanaa ya michoro mjini London alipoonwa katika baa na mmoja wa watu wa filamu. Kimo chake husemekana kilikuwa futi 6 na inchi 10. Walikuwa wakitafuta umbo ambalo mtazamaji hangeweza kulidhania kuwa binadamu aliyevaa vazi. Wakautwaa umbo mwili wake kwa plasta, wakamfunza mwendo wa kuigiza bila maneno. Hakuigiza tena katika filamu nyingine. Alifariki nchini mwake mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 39, kwa ugonjwa wa selimundu.

Wakusanyaji watakueleza kwa kirefu kuhusu kuba, taya na sanduku. Kijana huyu wakimtaja, humtaja kwa pumzi moja: mtu aliyekuwa ndani ya vazi. Kwa maoni yangu, mhakiki anayempita hivyo hajamwona mwanasesere anayemhakiki.

Najua kuna mwalimu atakayeniuliza: ni heshima gani hiyo kumtangaza Mwafrika kuwa kielelezo cha dubwana? Swali hilo si la kupuuzwa. Mwili mweusi umefanywa kitisho mara nyingi mno katika sinema za Magharibi, nami sisemi kwamba filamu hii imetakasika. Ila kulinyamazia jina lake hakumwondolei Badejo dhuluma yoyote. Kunamwondolea kazi yake tu. Naye alikuwa mwanafunzi wa sanaa, si kiunzi cha kutundikia nguo. Ule mwendo wa taratibu uliowafanya watu washike viti vyao ulitoka katika misuli yake, ingawa wengine pia walivaa vazi hilo katika baadhi ya matukio.

Mwalimu wa sanaa akibahatika kuipata picha ya mwanasesere huyo, na akifunike kichwa kwa kiganja kisha awaulize wanafunzi wanaona nini. Wataona mikono myembamba inayokaribia magoti, nyonga nyembamba, na miguu mirefu ya kijana aliyekwenda London kujifunza kuchora.