Kumalizana Nyumbani

Liko neno moja katika vijiji vyetu linalosemwa kwa upole, na upole wake umewaumiza wengi: "Tulimalize nyumbani." Mke akipigwa hata mkono ukavunjika, neno ni hilo. Binti akinajisiwa njiani atokapo shuleni, na aliyemtenda akajulikana, neno ni hilo hilo. Wazee huketi, chai hunywewa, baba hupewa mbuzi au fedha, watu hupeana mikono, na shauri husemwa kuwa limekwisha. Sisi walimu, ambao watoto wa pande zote mbili huketi mbele yetu kesho yake, twajua ya kuwa halikwisha. Basi twataka kusema waziwazi: kumalizana kwa namna hiyo si suluhu. Ni dhuluma ya pili iliyovikwa nguo ya amani.

Na tuyahesabu mapatano hayo kama mwenye duka ahesabuvyo mali yake jioni. Mkosaji amepata nini? Amepata uhuru wake. Baba amepata nini? Amepata mbuzi. Wazee wamepata nini? Wamepata sifa ya upatanishi. Na yeye aliyeumizwa amepata nini? Ameambiwa anyamaze. Katika baraza lililokaa kwa ajili yake, yeye peke yake ndiye aliyerudi mikono mitupu, tena mara nyingi hata hakuitwa kusema. Siku hizi mtu wa namna hiyo huitwa manusura, yaani aliyeokoka. Jina ni zuri, lakini twauliza: ameokoka na nani? Ameuokoka mkono wa mmoja gizani, akaangukia mikono ya wengi mchana.

Tena liko jambo ambalo wazee wengi hawajaambiwa, nalo ni la saa. Mwanamke au mtoto aliyenajisiwa aweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI visishike mwilini mwake. Dawa hizo yapasa zianzwe kabla ya saa 72 kupita, yaani siku tatu, nazo humezwa siku 28. Na kadiri zinavyocheleweshwa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Dawa ya kuzuia mimba ya tendo hilo nayo haivuki siku tano. Na alama za mwilini na nguoni, ambazo daktari huziandika na hakimu huzipima, hupotea kwa kuoga na kufua.

Sasa tazameni mwendo wa baraza. Siku ya kwanza hupita watu wakinong'onezana. Siku ya pili mjumbe hutumwa kwa ukoo wa pili. Siku ya tatu mjomba hajafika, na kikao huahirishwa. Siku ya nne wazee huketi. Lakini siku ya nne mlango wa zile dawa umekwisha kufungwa, nguo zimefuliwa, na mtoto amekwisha kufundishwa la kusema. Siku zake tatu zimeliwa, na walaji si wale waliomchukia, bali ni wale wale waliosema kwamba wanamtakia mema.

Wako wasemao, "Haya ni mambo ya ndani, serikali haina neno nayo." Hao hawaijui sheria ya nchi hii. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yasema wazi ya kuwa, hata mila ikisema vingine, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Sheria hiyo imekwisha kupita miaka 50. Na kwa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima aliyebaka hufungwa miaka isiyopungua 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 hufungwa maisha. Shauri la namna hiyo likifika mahakamani, mshitaki si baba wa binti. Mshitaki ni Jamhuri. Basi baba auzaye shauri hilo kwa mbuzi anauza kitu kisicho chake, na wazee wanaoshuhudia mauzo hayo wanashuhudia biashara haramu.

Wengine husema, "Mkimpeleka mume polisi, ndoa itavunjika, na watoto watataabika." Twajibu: ndoa haivunjwi na mke aliyesema. Ilivunjwa na ngumi, siku ile ilipoinuliwa. Na watoto hao wanaohurumiwa, je, hawana macho? Twawaona darasani. Yuko asinziaye saa mbili asubuhi kwa kuwa usiku hakulala. Yuko ashtukaye mwalimu ainuapo mkono kufuta ubao. Yuko apigaye wenzake wa kike, maana amejifunza nyumbani kuliko shuleni. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na siri ya nyumba aijuaye mtoto.

Wengine tena hutuambia, "Wanawake wenyewe wamekubali." Ni kweli kwamba katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2015 na 2016, wanawake 58 katika kila 100 walisema ziko sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe, na wanaume waliosema hivyo walikuwa 40 katika kila 100. Lakini hesabu hiyo haiwatetei wapigaji. Yatuonyesha tu kazi ya kunyamazisha ilivyofanywa kwa bidii tangu utotoni. Mtu aliyenyamazishwa muda mrefu hujifunza kujinyamazisha mwenyewe. Katika uchunguzi huo huo, wanawake 40 katika kila 100 walisema wamepata kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Je, hao wote walikubali?

Wako pia wanaolitia jambo hili katika dini, wakimhimiza mwanamke asamehe, arudi, avumilie. Na wafungue Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Tamari, binti wa mfalme, alinajisiwa na Amnoni ndugu yake. Absalomu akamwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi alikasirika sana, wala hatusomi kwamba alifanya neno lolote. Ndiyo kumalizana nyumbani. Je, nyumba ilipata amani? Baada ya miaka miwili Absalomu alimwua Amnoni, na mwishowe akainua vita juu ya baba yake. Kunyamaza hakukuiokoa nyumba ya Daudi. Kulizika kaa la moto chini ya majivu tu. Kusamehe ni haki ya aliyeumizwa, atoe apendapo. Haitolewi na wengine kwa niaba yake, wala haimzuii hakimu.

Basi, msaada wa kweli ni upi? Kwanza ni kumsadiki. Asiulizwe alivaa nini, wala alipita njia gani. Pili ni kumfikisha hospitali siku ile ile, asioge, na nguo zake zichukuliwe zilivyo. Polisi hutoa fomu namba 3, ile watu waiitayo PF3, ili daktari aandike aliyoyaona. Lakini uhai hutangulia karatasi, na mwenye kuvuja damu asingojeshwe. Katika vituo vingi vya polisi liko dawati la jinsia na watoto, ambapo aweza kusikilizwa faraghani. Na katika hospitali kadhaa viko vituo vya mkono kwa mkono. Humo daktari, polisi na ofisa wa ustawi wa jamii humhudumia pamoja, ili asisimulie msiba wake mara kumi kwa watu kumi. Kwa habari za mtoto, namba 116 hupigwa bila malipo.

Tatu ni mahali pa kulala. Hili husahauliwa, nalo ndilo humrudisha mwanamke kwa mpigaji. Huko mkoani Mara, Masanga wilayani Tarime na Mugumu wilayani Serengeti, ziko nyumba ziwapokeazo mabinti wanaokimbia ukeketaji. Hulishwa, hulindwa, na wazazi huitwa kuzungumza kabla ya mtoto kurudishwa. Nyumba kama hizo ni chache, na vijiji ni vingi. Lakini kila kijiji kina nyumba yenye chumba na mama mwenye moyo. Kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, na ijue mapema ni nyumba ipi itakayofunguliwa usiku wa manane mtu akibisha hodi.

Nne ni maisha ya baadaye. Binti aliyepata mimba zamani alifukuzwa shule, hata kama alinajisiwa, naye aliyemtia mimba akaendelea na shughuli zake. Tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu arudi masomoni baada ya kujifungua. Mlango umefunguliwa na Serikali. Asiufunge jirani kwa kicheko chake.

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki neno. Hatuwatukani wazee wetu. Twawataka wauthibitishe usemi huo. Mipaka ya mashamba, mahari, ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani, hayo na yaamuliwe chini ya mwembe, nasi tutawashukuru. Lakini aletwapo mtu aliyevunjwa mwili, mzee mwenye hekima na aseme neno moja tu: "Mpelekeni hospitali, nami nakwenda pamoja naye." Mzee asemaye hivyo ameiokoa siku ya kwanza, na siku ya kwanza yaweza kuwa ndiyo uhai wa mtu. Na ajaye na mbuzi, aambiwe amrudishe zizini.