Daftari la Wiki: Gitaa la Page, Sauti ya Coverdale

Jalada la albamu ya Coverdale–Page linaonyesha kibao cha barabarani: njia mbili zinakutana na kuwa moja. Albamu ilitoka Machi 1993, ikafika nafasi ya 4 Uingereza na ya 5 Marekani. Pamoja na hayo, hadi leo wengi wanaizungumzia kama ndoa ya mkeka, na nyimbo zenyewe hawazigusi. Hapo hawaitendei haki.

Njia hizo zilitoka mbali. Jimmy Page ndiye aliyeunda Led Zeppelin, bendi iliyovunjika mwaka 1980 baada ya kifo cha mpiga ngoma wake, John Bonham. David Coverdale alikuwa muuza nguo dukani, kaskazini mwa Uingereza, Deep Purple walipomchukua mwaka 1973. Baadaye akaanzisha Whitesnake, na albamu yao ya 1987 ikauza mamilioni. Ndani yake umo “Still of the Night”, wimbo uliowafanya watu waseme anamwiga Robert Plant, mwimbaji wa Zeppelin. Alipotokea studio na Page mwenyewe, wasemaji wakapata la kusema.

Wasikilize Page na Coverdale katika “Shake My Tree”, wimbo wa kwanza. Gitaa linaanza peke yake, kavu, linakatakata kama mtu anayepasua kuni. Coverdale anaingia chini kabisa, karibu ananong’ona, na kwa muda ni wao wawili tu. Kisha mpiga ngoma Denny Carmassi anazishukia ngoma na nyumba nzima inatikisika. Page alikuwa na kipande hicho cha gitaa tangu siku za mwisho za Zeppelin, kikikosa wimbo. Kilichokipa uhai ni mwimbaji aliyejua kusubiri. Mwigaji asingesubiri, angepiga kelele tangu mwanzo.

“Take Me for a Little While” ni upande wa pili wa shilingi. Hapa gitaa linabembeleza, na sauti inabeba uchungu bila haraka. Hii ndiyo roki yenye melodia kwa maana yake halisi: uzito upo, lakini msikilizaji anabaki na wimbo wa kuimba njiani.

Jukwaani waliishia Japani. Maonyesho saba, Desemba 1993, basi. Marekani hawakuzuru. Mwaka uliofuata Page alirudi kwa Plant, wakaenda hadi Marrakech, Moroko, kurekodi na wanamuziki wa Kignawa wa huko kwa ajili ya albamu No Quarter. Albamu ile ni nzuri, lakini iliifunika ya mwaka uliotangulia mapema mno.

*

Glenn Hughes, aliyeingia Deep Purple mwaka mmoja na Coverdale, naye ana kisa chake cha kuungana na mpiga gitaa. Mwaka 1996 alirekodi nyimbo na Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath. Zikakaa kabatini, nakala za magendo zikazagaa mikononi mwa mashabiki, na mwaka 2004 zikatoka rasmi, ngoma zikiwa zimepigwa upya. Mwaka 2005 wawili hao wakatoa albamu Fused. Gitaa la Iommi ni zito kama zege, na sauti ya Hughes ina soul ya Marekani ingawa yeye ni Mwingereza. Vinachukuana vizuri ajabu.

*

Machi 2021 ikaja albamu Smith/Kotzen, ya wapiga gitaa wawili: Adrian Smith wa bendi ya Iron Maiden na Richie Kotzen. Hapa mgawanyo wa kazi, mmoja gitaa na mwingine sauti, umevunjwa kabisa, kwani wote wawili wanapiga gitaa na wote wawili wanaimba, wakipokezana beti ndani ya wimbo mmoja. Waliirekodi visiwa vya Turks na Caicos.

*

Anayetaka kuanza na moja kati ya hizi, achukue ile ya 1993. Ina nyimbo 11. Aisikilize kwa mpangilio wake, kuanzia “Shake My Tree” hadi “Whisper a Prayer for the Dying”, na sauti aiongeze.