Kikapu Kitupu Kinamnufaisha Nani?

Ndugu wanaushirika,

Kila Novemba wachuuzi huja kununua vikapu vyetu vya milulu vikiwa vitupu. Wakifika Iringa mjini huvijaza asali, karanga na majani ya chai ya Mufindi, halafu huviuza kama zawadi za Krismasi. Asali yetu, karanga zetu, faida yao! Jamani, mpaka lini?

Mimi naona tuvijaze wenyewe. Tusianze kwa pupa: vikapu 20 tu, kila senti iandikwe daftarini, na kukopesha marufuku. Asali ichujwe vizuri; chupa ikivuja, jina letu limeharibika. Kina mama waanze kusuka sasa, kabla mvua hazijatuita shambani. Januari watoto watataka sare na madaftari. Ushirika ni kazi, siyo kunung'unika.

Mwanaushirika