Paka Amekonda? Kipimo Kwanza, Kidonge Baadaye

Wadau, leo naweka kompyuta pembeni, ingawa mtaona narudi huko huko. Paka mzee, wa miaka 10 na zaidi, akila sana huku anakonda, huenda tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, inamwaga homoni kupita kiasi. Dawa ipo: methimazoli, au kabimazoli ambayo mwilini hugeuka kuwa methimazoli hiyo hiyo. Binadamu nao huitumia, kwa hiyo mtu wa hapa Isebania anaweza kushawishika kuulizia vidonge kwenye kemisti na kukisia dozi. Mimi napinga.

Dawa hii haiponyi tezi. Inazuia homoni mpya isitengenezwe, basi; ukiiacha, ugonjwa unarudi. Dozi hurekebishwa kwa kupima damu baada ya wiki 2 au 3, tena na tena hadi itulie. Bila kipimo unaendesha programu bila kusoma logi: seli nyeupe za damu zinaweza kupungua, au ugonjwa wa figo uliojificha ukajitokeza, nawe huna habari. Najua maabara iko mbali na pesa ni ngumu. Lakini kisukari na figo pia hukondesha paka, na kabimazoli haitibu hata kimoja.

Mbwa ni habari nyingine. Kwake ugonjwa huu ni nadra, na mara nyingi chanzo ni saratani ya tezi. Ila huku kwetu Kuria, kwenye ng'ombe wengi, uliza kwanza anakula nini. Mbwa anayelishwa makoromeo mabichi kutoka machinjioni anaweza kumeza tezi ya ng'ombe pamoja na homoni zake. Huyo hahitaji kidonge. Mbadilishie chakula, kisha daktari wa mifugo ampime tena baada ya wiki chache.