Usiuziwe Jina: i3-6100 Inaichapa i5-2400 na Sitaomba Msamaha

Najua nitatukanwa kwa hii, lakini acha niseme tu. Kama uko na pesa kidogo na unataka kompyuta ya mezani ya kuanzia kazi, achana na Core i5-2400. Chukua Core i3-6100. Ndiyo, i3. Umesoma vizuri.

Najua unachofikiria: "Buda, tano si ni kubwa kuliko tatu?" Hata mimi nilipiga hesabu hiyo ya nasari, na ilinikula Sh14,000 ambazo hazikuwa hata zangu. Mamangu alizikopa kwa chama ili nianze kuediti video badala ya kukaa kwa nyumba nikingoja kuitwa kazi. Nikaingia tao, nikapata duka, jamaa akagonga kasha la mashine na kiganja akasema, "Hii ni i5, ex-UK, haina maneno." Hakuniambia ni kizazi gani. Mimi nami sikuuliza. Nilisikia "i5" nikaona kama nimeomoka. Nikapanda mathree nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Wiki mbili baadaye nikapata kazi yangu ya kwanza, video ya ruracio. Mteja alikuwa amerekodi kila kitu kwa simu, 4K, ule mfumo wa HEVC ambao simu nyingi hutumia ili faili zisijaze nafasi. Nikafungua klipu ya kwanza. Sauti inaenda, picha imekwama. Shosho anaanza kucheza, anaganda mguu ukiwa juu, halafu ghafla tayari ameketi.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ana mashine ya i3-6100. Nilikuwa nimemcheka akiinunua, tena alilipa pesa kidogo kuliko mimi. Nikashuka na flashi, tukafungua klipu ileile. Ikacheza laini kama maji. Nilimaliza ile kazi kwake, usiku, akiwa amelala. Nilichelewa siku mbili na mteja akanilipa nusu. Sasa mnaelewa kwa nini niko na uchungu.

Tuingie kwa namba. i5-2400 ilitoka mwaka wa 2011. Ina viini vinne na nyuzi nne, mwendo wa gigahezi 3.1 ikipanda hadi 3.4. i3-6100 ilitoka 2015. Ina viini viwili tu, lakini kila kimoja hushika nyuzi mbili, kwa hivyo nazo ni nne, na mwendo ni gigahezi 3.7. Bei ya kiwandani zikiwa mpya, i5 ilikuwa dola 184 na i3 dola 117. Kwa hivyo ile "i5" haikuwa uongo. Ilikuwa ukweli wa 2011, ikilinganishwa na rika lake. Leo ukiitumia hiyo lebo kuipima na prosesa ya 2015, ni kama kumchukua namba moja wa darasa la nne na namba kumi wa kidato cha tatu, uwape mtihani mmoja wa hesabu. Namba moja ya nani?

Wasee wa i5 watasema, "Viini vinne ni viini vinne." Sawa, hapo mko na pointi, siwezi kuwanyima. Kazi ikigawanyika vizuri kwa viini vyote, i5-2400 bado inapigana, na wakati mwingine inaweza kutoka mbele. Lakini kiini cha 2015 kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila pigo la saa. Ni kama mafundi wanne wenye msumeno wa mkono na mafundi wawili wenye msumeno wa stima. Na kazi nyingi za kila siku, kufungua kivinjari, kuandika, magemu mengi madogo, hutegemea zaidi kasi ya kiini kimoja au viwili. Hapo i3 inaondoka na mchezo.

Lakini hata hiyo si sababu kubwa. Sababu kubwa ni grafiki. Mashine hizi za ofisini kwa kawaida huja bila kadi ya grafiki, kwa hivyo unategemea ile iliyo ndani ya prosesa. i5-2400 ina HD 2000, ambayo inaishia DirectX 10.1. Magemu mengi ya miaka ya karibuni yanataka 11 au 12, kwa hivyo usiulize yatakwama kiasi gani. Mengine hayataanza kabisa. Halafu HD 2000 haina sehemu ya kufungua HEVC, kwa hivyo mzigo wote wa ile video ya ruracio ulirudi kwa vile viini vinne vizee. i3-6100 ina HD 530. Inashika DirectX 12, na HEVC ya kawaida ya biti 8 inaifungua yenyewe bila kuisumbua prosesa. Ndiyo maana shosho alicheza vizuri kule chini.

"Si ununue kadi ya grafiki?" Na ganji gani? Tena nyingi za hizi mashine ni yale makasha membamba. Kadi ya kimo cha kawaida haiingii, na pawasaplai yake ni ndogo. Utajikuta umenunua kompyuta mara mbili.

Kuna pia bodi inayoibeba prosesa. Chipseti za wakati wa i5-2400 hazikuja na USB 3 yake zenyewe, kwa hivyo kwa mashine nyingi za aina hiyo ukihamisha video za simu unaweza kwenda kupika ugali, ule, na urudi bado inahesabu. Bodi za kizazi cha sita zinayo. Na stima je? Kiwango cha joto kilichoandikwa na Intel ni wati 95 kwa i5 na wati 51 kwa i3. Hiyo si bili kamili, na mashine ikiwa imetulia tofauti hupungua. Lakini tuseme zinafanya kazi kwa nguvu zote saa nane kila siku kwa mwezi mzima, na pengo ni wati 40. Hiyo ni karibu yuniti 10 za tokeni. Kwa msee anayenunua tokeni za soo, hiyo si mchezo.

Sijasema kila i3 inashinda kila i5. Ukipata i5-6500 kwa bei unayoweza, chukua ukimbie: ni kizazi kilekile cha sita na ina viini vinne. Na i3-2100 isikudanganye, hiyo ni rika la i5 ninayoisema vibaya. Pia sikufichi: zote mbili haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11, ambayo kwa Intel karibu yote huanzia kizazi cha nane, na Windows 10 ilifikia mwisho wake tarehe 14 Oktoba 2025. Linux inaingia kwa zote mbili bila shida.

Hasira yangu ni kwa ile karatasi ya dukani iliyoandikwa "Core i5" pekee. Anayeuza gari lazima aseme ni la mwaka gani. Kwa nini anayeuza kompyuta aruhusiwe kunyamaza? Wanaojua wananyamaza kwa sababu sisi hatuulizi, na wanaolipa ni watoto wa mama wa chama.

Kwa hivyo uliza. Jina kamili lina namba baada ya kistari. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 2400 ni cha pili, 6100 ni cha sita. Zikiwa tano, soma mbili za kwanza: i3-10100 ni cha kumi. Zikiwa tatu tu, hiyo ni ya kizazi cha kwanza, mrudishie mwenyewe. Usikubali maneno ya mdomo. Mwambie awashe mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, ujisomee. Akikataa kuiwasha, ameshakujibu.

Mamangu alimaliza kulipa ule mkopo wa chama mwezi uliopita. Mashine bado iko hapa mezani, naandikia hii. Kwa kuandika, haina shida.